Virusi Vimefubaa, Mtu Je?

Katika kliniki za tiba na matunzo, ambazo Tanzania nzima inaziita CTC, kuna mteja ambaye kila muuguzi humfurahia. Hana malalamiko. Tarehe zake hazirukwi, uzito haujashuka, na kipimo cha wingi wa virusi kimerudi chini ya nakala 50. Anapewa dawa za miezi sita, anaziweka kwenye mkoba, anaaga, na foleni inasogea. Kwenye takwimu anahesabiwa kuwa ameimarika. Leo nataka tumzungumzie yeye, kwa sababu yule mwingine aliyekonda na kuacha dawa tayari ana watu wanaomtafuta.

Mafanikio anayoyawakilisha si madogo, na sitaki mtu anielewe vibaya. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na kati yao asilimia 78 virusi vyao vimefubaa. Waulize waliokuwepo Kagera baada ya 1983, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa nchini na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, kama kuna aliyetarajia kwamba siku moja ungezuiwa kwa kidonge kimoja kwa siku, bila malipo. Ila kidonge hicho kazi yake ni kuzuia virusi visizaliane. Kuhusu anayekimeza, kama analala, kama anakula kwa hamu, kama bado anaona sababu ya kuamka, kipimo cha damu hakina jibu, na kwa bahati mbaya hakuna mwingine anayeuliza.

Nikisema sonona imeenea miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, wenzangu hawabishi. Wanakubali haraka mno. “Mtu ana virusi, mume kamkimbia, kodi ya nyumba imemshinda. Nani asingekuwa na mawazo?” Maneno haya yana huruma ndani yake, na ndiyo maana ni magumu kuyapinga. Lakini yanafunga faili. Jambo likishaonekana la kawaida, hakuna anayeliandika kwenye kadi, na lisiloandikwa halitibiwi. Aliyevunjika mguu hatumwambii avumilie maumivu kwa kuwa ni kweli alianguka kwenye ngazi.

Isitoshe, hoja hiyo si sahihi. Kama VVU vyenyewe vingetosha kuleta sonona, kila mwenye VVU angekuwa nayo, na ukweli ni kwamba wengi hawana. Wapo waliolia wiki ile ya majibu, wakalala bila kula, kisha taratibu wakarudi dukani, kanisani, kwenye mpira. Hiyo ilikuwa huzuni. Huzuni hupanda na kushuka. Hata kwenye matanga mtu hucheka kisa cha marehemu kikisimuliwa. Sonona haina nafasi ya kicheko hicho. Inakaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, wiki mbili na kuendelea. Inaondoa ladha hata ya mambo ambayo hayana uhusiano wowote na VVU. Inamfanya mtu ajilaumu kwa yale aliyoyafanya na kwa yale yaliyomkuta tu. Ikizidi, inamwambia kwamba watoto wangekuwa na nafuu bila yeye.

Dar es Salaam ilikuwa na ushahidi juu ya jambo hili mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Katikati ya miaka ya 1990, wajawazito wenye VVU waliandikishwa katika utafiti mkubwa wa vitamini, wakafuatiliwa kwa miaka. Dodoso la dalili za sonona lilikuwepo kwa Kiswahili. Sylvia Kaaya, bingwa wa afya ya akili wa Muhimbili, na wenzake walilipima kwa wajawazito wenye VVU na kuchapisha matokeo yake mwaka 2002. Uchambuzi uliotoka 2007 ukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wale walikuwa na dalili hizo angalau mara moja katika kipindi cha kufuatiliwa, na kwamba wenye dalili waliugua haraka zaidi na kufa zaidi.

Angalia miaka hiyo. Sehemu kubwa ya ufuatiliaji ule ilifanyika kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini, mwaka 2004. Kwa hiyo huwezi kusema walikufa kwa sababu sonona iliwafanya waache vidonge. Vidonge vyenyewe havikuwepo. Kuna njia nyingine ambazo sonona humdhoofisha mtu: halali, hali, haendi hospitali homa ikimpanda, na mwili unaoishi katika msongo usiokoma hauna kinga ileile. Tulipopata dawa tuliifungulia sonona njia ya ziada, hatukuzifunga zile za zamani.

Njia hiyo ya ziada tunaielewa vibaya. Ushauri wetu wote juu ya kumeza dawa umejengwa juu ya dhana ya kusahau. Weka kengele kwenye simu. Meza taarifa ya habari ya saa mbili ikianza. Mwambie mwanao akukumbushe. Ni ushauri mzuri kwa anayesahau. Mwenye sonona kengele anaisikia vizuri tu. Kopo analijua lilipo, ndani ya sanduku, chini ya khanga, limevingirishwa kitambaa ili vidonge visigonge. Anachokosa ni sababu ya kunyoosha mkono. Kisha anafika kliniki, anaulizwa “umesahau dozi ngapi?”, anajibu kwa unyofu kabisa kwamba hajasahau hata moja.

Wengine hawakosi hata kidonge kimoja, na hapo ndipo tunapofumba macho. Namkumbuka mama mmoja (mambo yake nimeyabadilisha asitambulike) aliyekuwa akija kila mara na kitu kipya: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika saa tisa usiku na kutorudi tena. Malaria alipimwa, hana. Shinikizo la damu, sawa. Virusi, havionekani. Alirudishwa nyumbani na panado na vitamini. Siku moja nikamwuliza siku hizi ni kitu gani kinampa raha. Akacheka.

“Raha, dokta? Raha ya nini tena?”

Nikanyamaza. Baada ya muda akaanza kueleza kwamba alikuwa akiimba kwaya, sauti ya pili, na kwamba ameacha. Hakugombana na mtu. Aliona tu kwamba Alhamisi ya mazoezi inafika na mwili hauinuki kitini. Vikoba navyo ameacha, na wenzake wanasema amekimbia deni. Deni lenyewe alishalimaliza. Kilichomshinda ni kutoka nje ya uzio na kusalimiana na watu. Mtaani sonona inavyoonekana ni hivyo hasa: maringo, uvivu, deni, au amerogwa. Kwake kulikuwa na dalili tano au sita zilizokamilika, zimekaa zaidi ya mwaka, ndani ya mtu ambaye kadi yake ilikuwa ya kupigiwa mfano.

Haki inadai pia kwamba si kila uchovu ni sonona. Upungufu wa damu huchosha, kifua kikuu hukondesha, tezi ya shingo ikizembea humfanya mtu awe mzito wa mwili na wa mawazo. Mtaalamu makini huanza kwa kuyaondoa haya. Kuna dawa zenyewe vilevile. Efavirenz, iliyokuwa ndani ya kidonge cha zamani cha usiku, ilijulikana kwa kizunguzungu, ndoto za kutisha na kwa baadhi ya watu kushuka kwa hisia hadi mawazo ya kujiua. Wateja walipolalamika waliambiwa wengi wao, “utazoea.” Kuanzia 2019 nchi ilipohamia kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, hali ilipungua, ingawa hiyo nayo huwanyima wengine usingizi; wengi wao husaidika wakiimeza asubuhi badala ya usiku.

Kwa vijana waliozaliwa na VVU mambo yamekaa vingine kabisa, na ningependa tukae hapo kidogo. Mtu mzima ana maisha ya kabla ya majibu. Kijana huyu hana. Alimeza dawa tangu hajui kusoma, akiambiwa ni za kifua, au za moyo, au za kumfanya anenepe. Akiwa na miaka kumi na kitu anaambiwa ukweli, au anaubaini mwenyewe ukutani kliniki kwenye bango, na siku hiyohiyo anajifunza mambo matatu kwa mkupuo: kwamba ana VVU, kwamba mama aliyefariki alifariki kwa nini, na kwamba watu anaowaamini kuliko wote wamekuwa wakimdanganya kwa upendo. Kisha anapelekwa shule ya bweni. Huko tranka hukaguliwa, wenzake huazimana kila kitu, na hakuna dakika ya kuwa peke yake saa mbili usiku. Kijana anayeacha dawa kidato cha pili mara nyingi huandikwa “mtoro wa dawa”. Ukikaa naye utakuta hajatoroka chochote. Amechoka kuwa na siri ambayo hakuichagua.

Moshi, kupitia kliniki ya vijana ya hospitali ya KCMC, kumefanyika jambo linalostahili kusomwa na kila mkoa. Programu ya Sauti ya Vijana iliundwa kwa ajili ya kundi hili. Wanakutana kwa vikao kumi vya kikundi, baadhi pamoja na walezi, na viwili vya mmoja mmoja. Wanaoongoza ni vijana wakubwa kidogo waliofunzwa, wala si madaktari. Humo wanajifunza kutuliza mwili, kutazama wazo kabla ya kuliamini, na kusimulia siku ile walipojua hali yao pamoja na kumbukumbu nyingine zinazouma. Kumshirikisha mlezi ni uamuzi wa busara, maana bibi aliyemlea mjukuu kwa siri miaka kumi na tano naye ana jambo la kusema, na mara nyingi hajawahi kuombwa aliseme.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kaskazini mwa Uganda. Etheldreda Nakimuli-Mpungu, daktari wa afya ya akili wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliendesha jaribio katika vituo 30 vya afya vya Gulu, Kitgum na Pader, eneo lililokuwa limetoka katika vita virefu. Walishiriki watu 1,140 wenye VVU na sonona. Nusu ya vituo vilitoa tiba ya vikundi, vikao vinane, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, vikiongozwa na wahudumu wa kawaida wa afya waliofunzwa. Nusu nyingine vilitoa elimu ya VVU, nayo kwa vikundi. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi sita baada ya tiba, waliobaki na sonona katika vikundi vya tiba walikuwa 2 kati ya 578. Katika vikundi vya elimu walikuwa 160 kati ya 562.

Ulinganisho huo ndio unaonivutia. Watu wa upande wa pili hawakuachwa hivihivi. Walikaa pamoja, wakafundishwa, wakaonana na wenzao. Kile ambacho sisi hufanya kila asubuhi kwenye mabenchi ya CTC, mhudumu amesimama mbele akieleza umuhimu wa lishe na kondomu, kinafanana sana na upande huu wa pili. Elimu ile iliwasaidia wengi, maana wengi wao nao walipata nafuu, lakini zaidi ya robo wakabaki na ugonjwa. Tofauti ilikuwa katika kinachofanyika ndani ya kikao. Katika vikundi vya tiba watu walieleza matatizo yao kwa zamu, wakafundishwa namna ya kuyakabili na kukabili unyanyapaa, na vikao vya mwisho vikageukia riziki: utaanzisha nini, kwa kidogo ulicho nacho, uzungushe fedha vipi.

Wapo wataalamu wa fani yangu wanaokunja pua wakisikia somo la biashara ndogo ndani ya tiba ya akili. Mimi naona ndipo ulipo ufundi wake. Mwanamume wa Gulu, sawa na wa Geita, hatakuja kwenye kikundi cha kueleza hisia. Atakuja kwenye kikundi chenye mpango wa kufuga kuku, na akishakaa ataeleza hisia. Wanaume ndio wanaofika kliniki wamechelewa, na wengi sonona yao wanaificha ndani ya gongo. Mlango wa kuwafikia ukipatikana hatuna haja ya kuubeza.

Harare wana mfano mwingine maarufu. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma ya afya ya akili Mbare, hakupewa vyumba wala wauguzi. Alichopata ni mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa jamii. Wakaketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Jaribio lililochapishwa 2016, lenye watu 573, takriban wanne kati ya kila kumi wakiwa na VVU, lilionyesha baada ya miezi sita asilimia 13.7 ya walioketi na mabibi walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Nayaheshimu sana matokeo hayo, lakini sina hakika kwamba tunahitaji kumleta bibi. Kwenye mitaa yetu bibi huyo ni mama mkwe wa jirani, na habari husafiri. Sisi tuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wenyewe ambao tayari wako CTC, wanapiga simu, wanawafuata majumbani waliokosa tarehe. Hawahitaji kuelezwa usiku wa majibu ulivyo.

Nimetaja usiri, na hapa nina dokezo la pembeni. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijiji cha Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Tulilaumu, kwa haki, kwamba baadhi waliacha ARV. Ila foleni ile ilikuwa hadharani, mbele ya kamera, na ndani yake walikuwepo watu wasiothubutu kuonekana mlangoni pa CTC. Kikombe kilisemwa kinatibu kisukari, saratani, UKIMWI na mengine, hivyo kusimama pale hakukusema una nini. Majengo yetu ya CTC, yaliyojengwa pembeni yakajulikana na wilaya nzima, yanamtaja mtu kabla hajafungua mdomo. Nasikia raha kila ninapokuta kituo ambacho anayefuata ARV na anayefuata dawa za presha wanakaa benchi moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakiko mikononi mwa wauguzi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyekunywa sumu ya panya anafika mapokezi akisaidiwa na kaka yake, na pamoja na kusafishwa tumbo kuna suala la PF3, fomu ya polisi. Familia inajua hivyo, kwa hiyo inasema alikunywa kwa bahati mbaya, na daktari anaandika hivyo. Kenya ilikuwa na sheria ya aina hiyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Mwongozo wao wa ARV vilevile unataka mteja apimwe sonona anapoanza dawa na angalau mara moja kwa mwaka. Siwasifu Wakenya bure. Kuwepo kwenye mwongozo na kufanyika kituoni ni mambo mawili. Lakini muuguzi wao akiuliza, ana karatasi ya kusimamia.

Mwezi huohuo wa Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada ya nje. Ruhusa ya muda iliyofuata ilitanguliza dawa za kuokoa maisha. Washauri na wahudumu wa jamii waliolipwa na miradi, yaani watu walewale waliokuwa wakikaa na kusikiliza, wakawa kati ya wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Aliyepanga bajeti aliona kidonge kuwa tiba na mtu anayesikiliza kuwa nyongeza. Jaribio la Gulu linasema vingine.

Kwa hiyo tuanze kwa kuuliza kliniki, na swali la kwanza naona lisiwe gumu. Kila mteja CTC huulizwa kuhusu kifua kikuu kila anapofika: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Maswali hayo yalipoanza wauguzi walilalamika yanawaongezea kazi. Leo yanatoka mdomoni bila kutazama karatasi. Ya sonona ya kuanzia ni mawili tu: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umejisikia huna furaha wala matumaini? Akijibu ndiyo, unaendelea na mengine saba, likiwemo la kujiua. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi hupumua.

“Na akisema ndiyo, nimpeleke wapi?” Nimeulizwa hivi na wauguzi wengi, na ndilo swali lenye haki kuliko yote. Wakipelekwa hospitali ya mkoa, wengi hawafiki. Nauli haipo, na dirisha la wagonjwa wa akili ni unyanyapaa juu ya unyanyapaa. Sonona nyepesi na ya wastani iishie palepale, kwenye kikundi cha vikao vinane chini ya mshauri aliyefunzwa na anayelipwa. Iliyozidi iongezewe dawa: fluoxetine, au amitriptyline. Zote ni za bei nafuu na zinajulikana miaka mingi, na mahali pa kuzitolea ni dirisha lilelile la ARV, na mteja aambiwe wazi kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa ili asiache siku ya tano. Amitriptyline nyingi kwa mkupuo huua, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua apewe za wiki moja tu, na asitoke peke yake. Aitwe ndugu anayemtaja yeye mwenyewe, na nyumbani sumu za shambani zihamishwe. Yule mteja wa mwanzo, wa dawa za miezi sita, apigiwe simu mwezi wa tatu na mshauri mwenzake, aulizwe yale mawili. Gharama yake ni vocha, na posho ya mtu mmoja ambaye mradi wake ulifungwa.